Tia Gia, Toa Gia

Waliokuwapo katika karakana asubuhi ile walikuwa wanne. Wa kwanza ni mzee aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la King'ora, dereva mstaafu wa gari la zimamoto, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye gari lililoletwa kutengenezwa. Wa pili ni binti yake wa pekee, aliyeomba ruhusa kazini ili amsindikize. Wa tatu ni fundi, mpwa wake King'ora, mtoto wa marehemu dada yake. Karakana ilikuwa ya fundi huyo, na difu za magari ya kale zilikuwa ubingwa wake. Wa nne ni mchomeleaji, mpangaji wa kibanda cha pembeni, ambaye hakuwa na kazi yoyote na gari lile lakini hakuwahi kukosekana penye mazungumzo. Kati ya hao wanne, watatu walikuwa wametulia. King'ora peke yake alikuwa na hofu, tena hofu ya namna ambayo mtu hawezi kuitoa mdomoni, kwa kuwa kuisema tu kungetosha kuitimiza.

Masikio yake yalikuwa yanakufa.

Vishindo alivisikia bado: mlango ukibamizwa, nyundo ikiangukia saruji, ngurumo. Sauti za watu ndizo zilizomkimbia, kwanza za watoto, kisha za wanawake, na mwishowe za kila mtu ambaye hakumtazama usoni alipokuwa akisema. Miaka yote aliyoketi chini ya king'ora cha zimamoto, kile kilichompa jina, kelele ile ilikuwa ikimla masikio kama panya, ikimng'ata na kumpuliza, hata asitambue ameliwa kiasi gani. Alipotambua, hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo. Alijifunza kukaa mgongo ukutani ili kila msemaji awe mbele yake, kucheka wenzake wanapocheka, na kusema sana, kwa maana asemaye sana haulizwi mengi. Jirani alipolalamikia kelele za redio yake, aliilaumu redio.

Yote hayo yangebaki kuwa mambo ya ndani ya nyumba, kama si gari.

Lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane, rangi ya damu ya mzee. Alilikuta likiwa chuma chakavu nyuma ya ghala, kuku wakitagia kwenye viti vyake, akalijenga upya kipande kwa kipande katika miaka ile ile ambayo wenzake walikuwa wakijenga nyumba. Mke wake, alipokuwa hai, alikuwa akiliita "mke mwenzangu". Tangu King'ora astaafu, na zaidi tangu afiwe, jambo lililomtoa kitandani lilikuwa kulipasha moto gari lile, kulifuta vumbi na kulitoa barabarani. Watu wazima walimpungia mkono. Watoto walikimbia kando yake wakiigiza mlio ambao yeye hakuusikia. Ndani ya gari alikuwa King'ora. Nje yake alikuwa mzee anayemsubiri binti yake arudi kutoka kazini. Siku watakapojua kwamba hasikii, ufunguo ungetoka mkononi mwake, na hilo hakulitilia shaka, kwa kuwa yeye mwenyewe, enzi za kazi, ndiye aliyezoea kuwaambia madereva wapya kwamba dereva asiyesikia ni muuaji ambaye bado hajampata mtu wake.

Siku chache kabla ya hapo nusura ampate. Gari la zimamoto lilimjia nyuma, taa zikiwaka juu, naye akaendelea kwenda katikati ya barabara akitazama mbele kwa utulivu wa mtu aliye peke yake duniani. Lilimpita kwa kupanda ukingo wa barabara. Wanawake waliokuwa wakitembea pembeni waliruka, na dereva, kijana aliyefunzwa kazi na King'ora mwenyewe, alitoa kichwa dirishani akiwa amefungua kinywa kwa ukelele ambao mzee aliuona tu. Aliegesha gari. Vidole vyake viligoma kuuachia usukani. King'ora alikuwa hakukisikia king'ora. Tangu siku hiyo hofu ilikuwa ikisafiri naye, imeketi kiti cha pembeni kama abiria asiyefika kwake.

Kwa hiyo binti yake aliposema, "Baba, gari inalia huko nyuma, si ya kuachwa hii," alishtuka kama mwizi aliyeitwa kwa jina lake.

"Hata mimi nimeusikia huo mlio," alimjibu. Hakuwa ameusikia.

Ndipo wakawa pale. Fundi alikuwa ameinua sehemu ya nyuma kwa jeki na kuikalisha juu ya stendi mbili za chuma, magurudumu yote mawili yakining'inia hewani. Alitikisa bodi kwa mikono miwili kuona kama imekaa sawasawa, akarudia kuitikisa, kisha akaweka gogo zito chini ya fremu, ingawa stendi zenyewe zingetosha. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu utotoni, alipokuwa akilelewa nyumbani kwa King'ora: mtoto wa kukagua kamba za viatu vyake kabla ya kuvuka barabara.

"Mjomba," alisema, akimtazama mzee usoni, jambo ambalo King'ora alimshukuru Mungu kwalo, "huo mlio unatokea ukikanyaga mafuta, au ukiachia?"

Lilikuwa swali jepesi kwa mwenye masikio. Kwa fundi wa difu ndilo swali mama. Ndani ya difu, kasha la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma, kuna gia ndogo inayoletewa nguvu na propela, mhimili mrefu unaotoka upande wa injini, na gia hiyo huizungusha gia kubwa ya duara inayoyaendesha magurudumu. Injini ikivuta, meno yao husukumana upande mmoja. Dereva akiachia mafuta, husukumana upande wa pili. Mlio wa kukanyaga humpeleka fundi kwenye meno. Mlio wa kuachia humpeleka mbele, kwenye beringi na nati inayoikaza ile gia ndogo. Ni kama daktari anayeuliza kama maumivu yapo kulia au kushoto kabla ya kushika kisu.

King'ora alichagua kama mtu anayerusha sarafu.

"Ukikanyaga."

"Lakini Baba," binti akaingilia, "mimi naona ni ukiachia. Tukishuka ule mteremko wa shule ndiyo inaanza: uuuuu."

"Wewe unaona. Mimi nasikia," alisema King'ora. "Nimeshika usukani kabla mama yako hajajua utaitwa nani."

Mchomeleaji alicheka, kwa hiyo King'ora naye akacheka.

"Basi hapo mjadala umefungwa," alisema mchomeleaji. "Mkubwa hakosei, jamani. Akikosea, ujue mdogo hakusikiliza vizuri."

Fundi aliinamisha kichwa kwa heshima, akaenda kuyatafuta meno.

Kazi hiyo ilimlia asubuhi nzima. Alifungua kizibo, oili ya zamani ikachuruzika kwenye karai, nyeusi, yenye harufu kali ya mayai viza ambayo hushika nguo na kukataa kutoka. Sumaku ya kizibo ilikuwa imeota manyoya ya chuma. Aliondoa mfuniko wa difu, akaosha ndani kwa dizeli, akamulika kwa tochi jino moja baada ya jingine. Alipaka meno rangi ya njano, akazungusha gia kwa mkono, akatazama mahali rangi ilipofutika. Ilifutika katikati ya jino, pale pale inapotakiwa. Akarudia. Majibu yakawa yale yale.

"Meno mazima kabisa," alisema akiwa chini. Binti aliyarudia maneno hayo huku akimgeukia baba yake, naye King'ora akayaokota midomoni mwake. "Sasa kinacholia ni nini?"

King'ora aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutazama miguu ya mpwa wake ikitoka chini ya gari. Alijua kinachomweka pale. Ni yeye aliyempeleka kijana njia isiyokuwako, na sasa kijana anaisafiri kwa uaminifu, akirudi kila mara kuangalia kama amepotea. Maneno yalimfika kooni: nilikisia tu, mwanangu, mimi sikujua. Yalifika hapo yakakaa. Kila alipotaka kuyasukuma, aliuona ufunguo ukiwa mkononi mwa mtu mwingine.

Fundi alifunga mfuniko kwa gasketi mpya, akajaza oili mpya pamoja na dawa ambayo difu za namna ile, zenye sahani zake za klachi ndani, hudai, kisha akatoka, akafuta mikono, na kusema jambo lililomfanya King'ora asimame.

"Nitaisikiliza mwenyewe. Injini iwake, gia itiwe, magurudumu yazunguke hapo hapo hewani. Mimi nitakuwa chini na bisibisi sikioni. Nikigusisha ncha yake kwenye chuma, beringi mbovu inaninong'oneza. Nikishapasikia, gia inatolewa, propela inasimama, naishika kwa mkono nione kama ina mchezo, kama imelegea."

"Mimi nitakaa kwenye usukani," alisema binti, akaanza kuzunguka gari.

Kwa pumzi moja tu King'ora alitaka kumwacha. Mguu wa binti ulikuwa mzima, masikio yake mazima, na jambo zima lingepita kama upepo. Lakini mchomeleaji alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, na mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika.

"Mzee, mwachie mtoto! Au unaogopa atakunyang'anya mke?"

Leo kiti, kesho ufunguo. Hivyo ndivyo King'ora alivyolisikia lile neno, au alivyoliona. "Kiti hicho hakijakaliwa na mtu mwingine tangu nikishone," alisema. "Toka hapo, mwanangu." Akaingia, akafunga mlango.

Fundi alikuja dirishani. Alikuwa na desturi ya kueleza kazi kama anayemfundisha mtoto kusoma, na safari hii midomo yake ilichora kila neno.

"Nikisema *tia gia*, Mjomba, unatia ya pili na kuachia klachi taratibu. Nikisema *toa gia*, unatoa. Nikikaa kimya, usiguse kitu. Sawa?"

"Sawa."

Kwenye *tia*, midomo ilitanuka kama inayotabasamu. Kwenye *toa*, ilijiviringa kama inayopuliza uji. Kwa macho yalikuwa maneno mawili yasiyo na udugu. Kwa sikio yaliachana kwa herufi moja tu, na King'ora alikuwa akilitambua hilo bado, fundi alipovaa glavu zake, akalala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, akajisukuma kwa visigino, akatoweka chini ya gari. Midomo ikaenda naye.

Injini iliwaka. Silinda nane ndani ya kuta nne za matofali hazimwachii mtu sauti nyingine; ngurumo ilijaa kifuani mwa King'ora, ikayafuta hata yale mabaki ya kusikia aliyokuwa nayo. Alishika rungu la gia na kutazama mbele. Mbele palikuwa na ukuta, misumari, na mikanda ya feni ikining'inia. Hapakuwa na uso.

Mlangoni, pembeni ya jicho lake, mchomeleaji aligeuza kichwa kuelekea chini ya gari, kisha akamgeukia yeye. Maana yake fundi ameita. King'ora akatia gia, akaachia klachi, na kiti kikaanza kutetemeka kwa mzunguko wa magurudumu. Kumbe inawezekana, alijiambia. Mchomeleaji aligeuka tena, King'ora akatoa. Akageuka tena, akatia. Tia, toa, tia. Mambo yalikuwa yakifuatana kwa mpango, na mtu akiushika mpango hahitaji masikio. Alianza hata kupumua.

Kisha binti akachukua tochi na kwenda nyuma kummulikia fundi, na mchomeleaji, ambaye hakuweza kuvumilia kupitwa na jambo, akamfuata na kuchutama nyuma ya gari.

King'ora akabaki na ukuta.

Kuwa katika kimya na kutosikia ni mambo mawili. Aliye katika kimya anajua kwamba hakuna aliyesema. Asiyesikia hajui, kila nukta inayopita inaweza kuwa na ukelele ndani yake. Magurudumu yalizunguka. Kijana alikuwa ameshaita? Alikuwa ameita mara mbili? Alikuwa akiita sasa hivi? King'ora alihisi kishindo chini ya unyayo wake, chuma kikigonga sakafu ya gari. Hiyo ni *toa*, alijiambia, lazima ni *toa*, zamu yake imefika. Akatoa. Mtetemo ukafa. Hakuna aliyekuja dirishani kumgombeza, kwa hiyo alikuwa amepatia.

Sasa zamu ilikuwa ya *tia*. Alisubiri. Akasubiri. Ndipo kutoka chini, kupitia ngurumo ya injini, kikamfikia kipande cha sauti, mkia tu wa neno: "…a gia!"

Alikanyaga klachi, akatia gia ya pili, akaanza kuinua mguu. Na wakati huo huo jicho lake likapita kwenye kioo cha pembeni.

Miguu ya fundi ilikuwa imebadilika. Kila magurudumu yalipozunguka, miguu ile ilikuwa imelala, imenyooka, miguu ya mtu anayesikiliza. Sasa magoti yalikuwa yamesimama na visigino vimekazwa kwenye saruji. Hivyo ndivyo alalavyo mtu anayenyoosha mikono yote miwili juu na kushika kitu.

Mguu wa King'ora ukasimama pale ulipokuwa.

Hakujua. Hilo ndilo lililomtisha kupita yote, kwamba hakujua na hakukuwa na namna ya kujua, na gia ilikuwa ndani. Kilichokuwa kati ya mikono ya mtoto wa dada yake na nguvu za silinda nane kilikuwa mguu mmoja wa mzee. Klachi ya gari lile ilikuwa nzito. Kijana mwenye nguvu huchoka kuishikilia kwenye foleni. Paja lilianza kumcheza. Alilibana, likazidi. Mficha maradhi, kifo humfichua: methali hiyo aliisoma darasani akiwa mtoto, na miaka yote aliielewa vile walivyofundishwa. Sasa aliona kwamba methali haikusema ni kifo cha nani.

Alishika rungu ili airudishe gia ilikotoka, na katika kugeuza kiwiliwili mguu wake ukamsaliti. Klachi ilipanda upana wa kidole. Gari likatikisika mara moja tu, kama mnyama anayestuka usingizini.

King'ora alikata swichi.

Ngurumo ilimtoka kifuani. Hakugeuka. Alitazama mikanda ya feni ukutani, mikono yote miwili ikiwa juu ya usukani, akisubiri mtu aje amwambie. Alijaribu kumwomba Mungu na akakuta amesahau namna ya kuanza. Alimfikiria dada yake, siku ya mwisho hospitalini, akiuweka mkono wa mtoto ndani ya mkono wake. Mkono. Ulikuwa mdogo, wenye wino wa shule kwenye vidole.

Uso wa binti ulitokea dirishani. Midomo yake ilikwenda mbio mno. King'ora hakupata hata neno. Nyuma yake, polepole, fundi alitoka chini ya gari na kuketi sakafuni. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. Mkono wa kulia haukuwa na glavu. Alikuwa akiutazama, akikunja kidole kimoja, kisha kingine, kama mtu anayejaribu vitu dukani kabla ya kununua. Vilikuwa vyote. Glavu yenyewe ilibaki kule chini, imejiviringa kwenye propela kama kitambaa kilichokamuliwa.

Alisimama kwa kushika bampa, akaja dirishani.

"Mjomba, nimeuliza: umetoa gia? Nimeuliza ili nishike. Mimi huwa nauliza mara ya pili. Umesikia nini?"

King'ora alisoma kila neno.

"Tatizo ni maneno yenyewe," alisema mchomeleaji. Alikuwa hacheki tena, na uso wake usio na kicheko ulionekana kama wa mtu mwingine. "Tia, toa, ndani ya makelele haya kuna tofauti gani? Hata mimi ningetia. Huyu mzee hana kosa."

Fundi alifuta jasho kwa kiwiko. Alifikiri, na kwa kuwa alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, akafikia pale ambapo adabu humfikisha mtu.

"Kweli. Ni kosa langu, Mjomba. Nimekutia kwenye mtihani bure. Unisamehe."

King'ora alifumba macho. Kijana aliyenusurika kupoteza mkono alikuwa akimwomba radhi.

"Tubadilishe," alisema fundi alipoona amefumbua. "Nikitaka gia nitasema *weka*. Nikitaka itoke nitasema *acha*. Hapo hatukosani. Turudie mara moja tu, nilikuwa karibu kuipata." Akachukua glavu nyingine kwenye meza, akaivaa, akapiga magoti kando ya boksi.

Njia ya kutokea ilikuwa wazi. Walikuwa wamemfungulia wenyewe, tena kwa heshima, wakaishikilia ili apite: kosa ni la lugha, kosa ni la makelele, kosa ni la mdogo. Hakuna ambaye angejua. Ufunguo ungebaki mfukoni, na kesho angelipasha moto gari kama kawaida. Ilitosha atamke "sawa", basi.

Fundi alilala chali. Mabega yake yakaingia chini.

Tangu asubuhi King'ora alikuwa akiogopa kujulikana, na hofu hiyo aliiona kubwa kuliko zote. Sasa nyingine ilikuwa imesimama kando yake, na ile ya kwanza ikaonekana kimo chake halisi, fupi kama mtoto aliyesimamishwa kando ya mtu mzima. Alifungua mlango. Ilimbidi aushike ukingo wa paa ili asimame.

"Toka chini ya gari."

Aliisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa hakuwa na kipimo. Binti alistuka. Kichwa cha fundi kikachungulia.

"Mjomba?"

"Toka, mwanangu. Njoo usimame hapa. Na nyie wawili. Simameni hapa mbele yangu, kwenye mwanga, niione midomo yenu."

Binti alielewa kabla ya wengine. Mkono wake ulipanda ukafunika kinywa, kisha, alipotambua alichokifanya, akautoa haraka ili baba yake apate kusoma. "Baba," alisema. "Tangu lini?"

"Mama yako alikuwa bado yupo." Alimgeukia fundi. "Lugha haina kosa, na wewe huna kosa. Sikusikia vibaya. Sisikii. Nilikuwa nakisia zamu: tia, toa, tia, toa. Na huo mlio wa difu sijausikia hata siku moja. Hilo nalo nilikisia, nikakulaza chini asubuhi nzima. Ni ukiachia, kama huyu alivyosema. Angalia nati ya mbele."

Fundi aliutazama mkono wake wenye glavu mpya kwa muda mrefu, na King'ora aliyavumilia macho hayo kwa kuwa alistahili.

"Lakini mzee," alisema mchomeleaji, "kila siku tunacheka wote hapa!"

"Nacheka mkicheka. Mzaha wako sijui hata mmoja."

Mchomeleaji alikuna kichwa. "Basi hujakosa kitu."

Binti alicheka, na machozi yakamtoka katika kicheko hicho hicho. Fundi hakucheka. Alisogea hatua moja, akasimama mahali ambapo uso wake ulipata mwanga wote wa mlango, akasema taratibu, midomo ikichora kila neno: "Ungeniambia, Mjomba. Mimi ningekuwa nakuja mbele yako."

King'ora aliitikia kwa kichwa. Kisha aliwatazama mmoja mmoja, kama alivyozoea kuwatazama vijana wa zimamoto kabla ya kuwatoa kituoni.

"Nimeamua jambo, na naomba asinibembeleze mtu, maana mkinibembeleza nitageuka. Binti yangu atakaa kwenye usukani sasa hivi, mpaka kazi hii iishe. Na gari likishuka hapo kwenye stendi, atalitoa yeye, leo na kila siku litakapotoka. Mimi siendeshi tena. Kesho asubuhi nakwenda hospitali kupimwa masikio, na mmoja wenu atafuatana nami, kwa sababu nikiitwa jina kule sitasikia. Haya, mwanangu, ingia. Mwambieni maneno yenu ni yapi, tumalize kazi."